Kozi nimemaliza, imebaki tasnifu: natakiwa kutimiza nini hasa ili nihitimu?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili katika elimu. Kozi zote nimemaliza na nimefaulu, imebaki tasnifu. Mada yangu ni 'Athari za teknolojia katika elimu', na nimeambiwa niwasilishe ndani ya miezi tisa. Kila ninayemuuliza masharti ananijibu lake. Mmoja anasema lazima zifike kurasa mia, mwingine anasema bila watu 384 kwenye sampuli watahini watanirudisha, wa tatu ananiambia nichapishe makala kwanza. Hojaji nimeshaiandaa na nataka kuanza kuigawa wiki ijayo ili nisichelewe. Nielekeze tafadhali, ni nini hasa kinachotakiwa?"

Marahaba. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloweza kukugharimu kuliko yote: hojaji hiyo usiigawe wiki ijayo. Iweke kwanza. Sababu nitakueleza huko mbele, lakini hata ukiishia kusoma hapa, hilo uwe umelishika.

Sasa turudi kwenye swali lako. Wanafunzi wengi hudhani tasnifu inakwisha siku wanapoandika sentensi ya mwisho. Haikwishi siku hiyo. Inakwisha siku ofisi ya masomo ya uzamili inapopokea nakala iliyosahihishwa, ikiwa na saini zote zinazotakiwa. Kati ya siku hizo mbili kuna msimamizi wa kuisoma yote, watahini wa kuitahini, kikao cha kupitisha ripoti zao, masahihisho, na mtu wa kuthibitisha kwamba masahihisho yamefanyika. Wote hao wana kalenda zao na kazi nyingine mikononi. Kwa hiyo masharti mengine utayatimiza wewe kwa kalamu yako, na mengine yatatimizwa na watu wengine kwa wakati wao. Nimesimamia na kutahini tasnifu kwa miaka mingi, na nimeona wanafunzi hodari kabisa wakikosa mahafali kwa sababu walijiandaa kwa yale ya kwanza tu.

Ndiyo maana neno ambalo ningependa ulichunguze kabla ya lolote ni hilo uliloambiwa: "kuwasilisha". Kanuni za programu mbalimbali hulitumia kwa maana mbili. Kuna kuwasilisha kwa ajili ya kutahiniwa, yaani kukabidhi nakala ambayo watahini wataisoma, na kuna kuwasilisha nakala ya mwisho baada ya kutahiniwa na kusahihisha. Umbali kati ya hayo mawili unaweza kuwa miezi mitatu, minne au zaidi. Kama miezi tisa yako inaishia kwenye la kwanza, una nafasi ya kupumua kidogo. Kama inaishia kwenye la pili, una takribani miezi mitano tu ya kufanya kazi. Muulize mratibu wa programu, na umuulize kwa maandishi ili jibu lake ubaki nalo.

Majibu ya wenzako yanagongana kwa sababu kila mmoja anakusimulia programu yake. Lako ni kutafuta kanuni za masomo ya uzamili za chuo chako pamoja na mwongozo wa idara yako, toleo la mwaka ulioandikishwa, kwa kuwa kwa kawaida hizo ndizo zinazokufunga hata kama zimebadilishwa baadaye. Humo utakuta mambo ambayo hakuna mwenzako aliyekutajia: wastani wa alama za kozi unaotakiwa kabla hujaruhusiwa kuanza tasnifu, muda wa juu kabisa wa kuwa mwanafunzi, na kama unalazimika kujisajili kila muhula hata usipokuwa na kozi. Hilo la usajili wengi hulisahau, na huja kuambiwa kwamba kwenye kumbukumbu za chuo wao si wanafunzi tena. Humo pia ndimo utakapojua kama makala ni sharti. Zipo programu zinazodai makala iliyochapishwa au angalau iliyopelekwa kwenye jarida, na zipo nyingi zisizodai kabisa. Kama yako haidai, usianze na makala. Tasnifu ikishapita, makala itachotwa humo.

Kuhusu kurasa mia, sijawahi kumrudisha mwanafunzi kwa sababu ya uchache wa kurasa. Kanuni nyingi huweka kikomo cha maneno, na mara nyingi ni kikomo cha juu, maana watahini wanachoogopa ni unene kuliko wembamba. Angalia tu kama tanbihi, marejeleo na viambatisho vinahesabiwa ndani ya kikomo hicho. Kipimo kinachonisaidia zaidi mimi ni saa za kazi. Katika mfumo wa vyuo vya Ulaya, kwa mfano, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Tasnifu ya krediti 30 basi ni kazi ya saa 750 hadi 900. Ukipata saa 20 kwa wiki, hizo ni wiki 38 hadi 45. Miezi tisa ni kama wiki 39. Hapo unaona mwenyewe kwamba muda uliopewa unatosha tu kazi ikibaki karibu na saa hizo za chini, na hauna akiba.

Na kwa muda usio na akiba, mada yako ya sasa haifai. Niwie radhi kwa kusema waziwazi. "Athari za teknolojia katika elimu" ni maktaba nzima. Teknolojia ipi? Elimu ya ngazi gani? Athari kwa nani, na zimepimwaje? Neno "athari" lenyewe ni mtego, kwa sababu ukilitumia umejifunga kuonyesha kwamba jambo hili limesababisha lile, na hojaji iliyojazwa mara moja haiwezi kuthibitisha hivyo. Itakuonyesha tu watu wanachofanya na wanachofikiri. Mtahini ataligundua hilo kwenye ukurasa wa kichwa kabla hajafungua sura ya kwanza.

Jaribu hili badala yake: walimu wa hisabati wa sekondari hutumiaje makundi ya ujumbe wa simu kufuatilia kazi za nyumbani za wanafunzi, na ni vikwazo gani wanavyokutana navyo? Sasa unajua utamwuliza nani, utamwuliza nini, na utajua umemaliza utakapokuwa umejibiwa. Mwanafunzi hukimbilia mada pana kwa kuhofia kwamba swali dogo litaonekana jepesi. Ni kinyume chake. Swali dogo hukulazimisha kwenda chini, na huko chini ndiko watahini wanakokutafuta. Shahada ya uzamili haikudai ugeuze taaluma yako juu chini. Mchango mkubwa na mpya kwa maarifa ni deni la uzamivu. Wewe unatakiwa kuonyesha kwamba unaweza kuuliza swali linalofaa, ukachagua njia inayolingana nalo, ukaitumia kwa uaminifu, ukasoma matokeo bila kuyapa uzito yasiyokuwa nao, na ukajua waliokutangulia wamesema nini.

Swali hilo likishatulia, linaingia kwenye pendekezo la utafiti, na pendekezo linapitishwa na idara. Halafu linakuja lile nililoanza nalo, yaani kibali cha maadili. Kwa kuwa utawauliza watu, pendekezo na hojaji yako vitatakiwa kupita kwenye kamati ya maadili ya utafiti kabla hujamgusa mshiriki hata mmoja. Tafadhali usilione hili kama urasimu. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 liliwekwa na madaktari wa dunia kwa sababu watu walikuwa wametendwa vibaya kwa jina la sayansi. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 nchini Marekani iliongeza kwamba utafiti wa kitabia nao, si wa tiba peke yake, unapaswa kuongozwa na heshima kwa mtu, kutenda wema na haki. Mwalimu atakayekueleza kwenye hojaji jinsi anavyoshindwa kufuatilia kazi za wanafunzi wake anaweza kupata matatizo kazini iwapo jina lake litajulikana. Kamati inataka kujua utamlindaje.

Niliwahi kumsimamia kijana mmoja, mchapakazi sana, aliyekusanya usaili wake wote wakati maombi yake bado yako mezani kwa kamati. Alidhani anaokoa muda. Kibali kilipotoka, kilikuwa na tarehe ya baada ya usaili wote aliokuwa ameufanya. Kamati haitoi kibali cha kurudi nyuma, na data zilizokusanywa kabla ya kibali hazitumiki. Alirudi kwa watu wale wale kuwaomba upya, nusu yao wakakataa. Iliniuma, kwa sababu nami nilipaswa kumwuliza mapema na sikumwuliza. Tangu hapo, jambo la kwanza ninalomwambia mwanafunzi ni hilo nililokuambia wewe.

Pamoja na kibali, andaa fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha ambayo mshiriki anaielewa, inayosema wazi kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Tafuta pia ruhusa ya wakuu wa shule utakazoingia, maana ruhusa yao na kibali cha kamati ni vitu viwili tofauti. Ukiwahusisha wanafunzi walio chini ya umri wa utu uzima, utahitaji ridhaa ya wazazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe, na kamati itakuchambua kwa muda mrefu zaidi. Kwa miezi tisa uliyonayo, nakushauri ubaki kwa walimu.

Hiyo 384 sasa. Namba hii imewatesa wanafunzi wengi na nadhani haki yao ni kuijua ilikotoka. Inatokana na hesabu ya kutafuta asilimia ya watu wenye sifa fulani katika kundi kubwa sana, ukitaka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5. Watafiti wawili, Krejcie na Morgan, waliiweka kwenye jedwali mwaka 1970, na jedwali hilo limenakiliwa kwenye tasnifu nyingi mno bila kusomwa. Likisomwa linasema zaidi ya 384. Kama kundi lako lote ni watu 1,000, sampuli inayotakiwa ni 278, na kama ni watu 100, ni 80. Na linadhani kwamba umechagua watu kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha kamili. Ukigawa hojaji kwa walimu 384 uliowapata kwa kufahamiana, idadi hiyo haikusaidii chochote. Na kama njia yako ni usaili wa kina, jedwali hilo halikuhusu kabisa. Hapo unachotakiwa kueleza ni kwa nini umewachagua hao, na ulijuaje kwamba usaili wa zaidi usingekupa jambo jipya. Mtahini hatakurudisha kwa kukosa 384. Atakurudisha kwa kuiandika 384 ukashindwa kueleza kwa nini.

Msimamizi ni mtu wa kumtunza. Usimpelekee sura na neno moja la "naomba maoni". Mpelekee sura pamoja na maswali mawili matatu: hapa nimesita, hapa sina hakika kama hoja inasimama. Atasoma haraka zaidi, na atasoma mahali unapohitaji asome. Mkubaliane mapema atachukua muda gani kurudisha sura (wiki mbili hadi tatu si nyingi). Kila mkimaliza kikao, mwandikie barua pepe fupi ya mliyokubaliana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na makubaliano ya mdomo ndiyo yanayoongoza kwa kupotea. Akikaa kimya, mkumbushe kwa adabu mara mbili, kisha mwone mratibu wa programu, kisha mkuu wa idara. Hukumkosea mtu ukifanya hivyo. Kanuni nyingi hutaja wajibu wa msimamizi kama zinavyotaja wa mwanafunzi, na saini yake ya kuruhusu tasnifu iende kutahiniwa ni moja ya zile usizoweza kujitengenezea.

Katika kuandika, usiufuate mpangilio wa sura. Sura ya mbinu iandike kwanza, ingali mbichi kichwani, kwa kuwa nusu yake imo tayari kwenye pendekezo. Kisha matokeo, kisha mjadala. Utangulizi uurudie mwishoni ukishajua unatangulizia nini, na ikisiri iwe ya mwisho kabisa. Mapitio ya kazi tangulizi yasiwe orodha ya fulani alisema hivi na fulani alisema vile. Yapange kwa hoja, waliokubaliana na waliopingana, hadi msomaji mwenyewe aone pengo ambalo swali lako linaliziba. Lakini sura inayonipa shaka mara nyingi ninapotahini ni mjadala. Mwanafunzi anarudia matokeo yake kwa maneno mengine na kuiita mjadala. Mjadala ni kuuliza kwa nini imekuwa hivyo, inalingana au inatofautiana na nani, kuna maelezo gani mengine yanayowezekana, na ni wapi utafiti wangu hauwezi kusema lolote. Kurasa kumi za namna hiyo zina thamani kuliko sura mbili za majedwali. Usiiache kwa wiki ya mwisho.

Tasnifu yako karibu kwa hakika itapitishwa kwenye programu ya kupima mfanano na maandishi mengine. Vyuo vingi vimeweka asilimia isiyopaswa kuvukwa, lakini asilimia pekee haisemi kama kuna wizi wa kitaaluma. Mfanano mkubwa unaweza kuwa wa nukuu halali na orodha ya marejeleo, na mfanano mdogo unaweza kuficha aya moja iliyochukuliwa nzima nzima. Andika ukiwa umefunga kitabu cha mwenzio, kisha rudi uhakikishe na umtaje. Kuhusu programu za akili mnemba, soma msimamo wa chuo chako na uufuate kwa uwazi: kama inatakiwa kutamka umetumia wapi, tamka. Na usipokee rejeleo lolote kutoka kwa programu hizo bila kulifungua mwenyewe, kwa sababu hutunga majina ya vitabu na makala ambayo hayapo. Mtahini akigundua rejeleo moja la uongo, ataanza kuyatilia shaka yote.

Pambizo, ukubwa wa herufi, ukurasa wa tamko, mpangilio wa viambatisho: hayo yote yako kwenye mwongozo, yafuate kama yalivyo. Mtindo wa marejeleo uchague mmoja na toleo moja. Katika elimu wengi hutumia APA, yaani mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, na toleo la 7 lilitoka mwaka 2019, kwa hiyo usichanganye na mifano ya toleo la 6. Tumia Zotero au programu nyingine ya kutunza marejeleo tangu siku ya kwanza.

Watahini wakishasoma, matokeo huwa kati ya kupita bila masahihisho, masahihisho madogo, masahihisho makubwa, kuwasilisha upya, na kufeli. Wengi huangukia kwenye masahihisho, na hiyo si aibu. Kama programu yako ina utetezi wa mdomo (si zote zinao), jiandae kueleza kwa dakika chache swali lako, ulichokifanya na ulichokipata, bila kusoma. Utaulizwa kwa nini ulichagua njia hii na si ile, na ungefanya nini tofauti. Ukikutwa na udhaifu wa kweli, ukubali na useme unaathiri vipi hitimisho lako. Jopo linapima kama kazi ni yako na unaielewa, na anayeijua mipaka ya kazi yake huonekana mara moja. Kwa masahihisho, tengeneza jedwali: hoja ya mtahini, ulichobadilisha, ukurasa. Pale usipokubaliana naye, eleza kwa hoja. Jedwali hilo humwezesha anayethibitisha kumaliza kazi kwa siku moja badala ya mwezi.

Sasa chukua kalenda, uhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Tuseme miezi tisa inaishia kwenye kuwasilisha kwa kutahiniwa, yaani wiki ya 39. Wiki mbili za mwisho ni za kuhakiki na kupanga. Kabla yake mbili za kurekebisha, na kabla yake nne za msimamizi kusoma kazi yote. Rasimu kamili basi iwe tayari wiki ya 31. Tenga wiki 11 za kuchanganua data na kuandika matokeo na mjadala, na sita za kukusanya data. Utaona kwamba unapaswa kuanza kugawa hojaji mwisho wa wiki ya 14, kwa hiyo una wiki 14 za kubana mada, kupitisha pendekezo na kupata kibali. Zinatosha ukianza sasa, na katika muda wa kusubiri kamati unaandika mapitio. Lakini kama miezi tisa inaishia kwenye nakala ya mwisho, toa wiki nyingine 12 za watahini na nne za masahihisho. Rasimu kamili itatakiwa wiki ya 15, wiki moja tu baada ya siku ambayo ungeanza kugawa hojaji. Hapo mpango huu hauwezekani, na una njia mbili: kupunguza utafiti, kwa mfano kufanya usaili na walimu wachache au kuchambua nyaraka zilizo wazi kwa umma, au kuomba kuongezewa muda. Maombi hayo hupelekwa kabla tarehe haijapita. Yakipelekwa baada yake, mara nyingi husomwa kama maombi ya kurejeshwa masomoni, na hilo ni jambo jingine na mara nyingi lina ada yake.

Mwisho kabisa kuna vitu vidogo vinavyozuia watu wakubwa: ada isiyomalizwa, kitabu cha maktaba kisichorudishwa, nakala ya kidijitali ya tasnifu isiyowekwa kwenye hifadhi ya chuo, na fomu ya kuomba kuhitimu, ambayo mahali pengi haijazwi kwa niaba yako na hufungwa miezi kadhaa kabla ya mahafali. Tarehe ya fomu hiyo iandike leo kwenye kalenda hiyo hiyo. Kisha mwandikie mratibu umwulize "kuwasilisha" kwao ni kuwasilisha kupi, na umwombe msimamizi wako nusu saa wiki hii mkaipunguze mada.